Tauni vitabuni: mwandishi aliona nini, na nini alikiazima kwa waliomtangulia?

Msomaji wa Zamu

Wadau, salaam. Naandaa makala ndefu kuhusu namna magonjwa ya mlipuko na maafa yalivyowabadilisha watu, nikitumia historia na fasihi pamoja. Nimekwama mahali pamoja.

Nikimsoma Thucydides, mwanahistoria wa Kigiriki, kuhusu Athens mwaka 430 KK, kisha Procopius, mwanahistoria wa karne ya 6, kuhusu Constantinople mwaka 542, kisha Boccaccio, mtunzi wa Kiitaliano, kuhusu Florence mwaka 1348, kisha Defoe, mtunzi wa Kiingereza, kuhusu London mwaka 1665, nakuta karibu mambo yale yale. Maiti hazina wa kuzizika. Ndugu anamkimbia ndugu. Sheria haiogopwi tena. Hawa wanajifungia ndani, wale wanakunywa usiku kucha, na wote wanatafuta wa kumbebesha lawama. Kati ya wa kwanza na wa mwisho ipo miaka zaidi ya elfu mbili.

Je, binadamu akibanwa na kifo hufanya hivyo popote alipo, au waandishi wamesomana tu? Na mtu anayapambanuaje hayo mawili bila kubahatisha? Pia naomba mwongozo kuhusu takwimu: Boccaccio anasema waliokufa ndani ya kuta za Florence walizidi 100,000. Niinukuu au niiache?

---

Jalada

Yote mawili hutokea, tena ndani ya aya moja. Kuyatenganisha ni kazi ya penseli, haihitaji kipaji.

Tangulia na nasaba ya maandishi. Thucydides aliugua ugonjwa ule akapona, kalisema mwenyewe. Lucretius, mshairi wa Kirumi aliyeandika zaidi ya miaka 300 baadaye, alifunga utenzi wake kwa Athens hiyo hiyo bila kuona mgonjwa hata mmoja wa wakati ule. Yeye ni mwangwi mtupu, na mwangwi hauhesabiwi kuwa shahidi wa pili. Boccaccio naye ana sehemu zinazofanana mno na maneno ya Paulo Shemasi, mwanahistoria wa Walombardi wa karne ya 8. Kwa hiyo ukiandika "waandishi wanne wanathibitisha", hakikisha kwanza ni wanne kweli.

Kisha fanya hivi. Toa nakala ya aya unayotaka kuitumia, na kando yake uweke aya ya mwandishi aliyetangulia ambayo huyu angeweza kuisoma. Kila tendo linalojirudia, lipigie mstari mmoja. Kila jambo linaloonekana limetoka kwenye karatasi ya serikali, yaani amri, tarehe au idadi, lipigie mistari miwili. Mengine yaache wazi. Ukimaliza, hayo yaliyobaki wazi ndiyo ya kuanzia.

Kosa ambalo wengi hulifanya hapa ni kuyatupa yale ya mstari mmoja kana kwamba ni uongo. Mtu anaweza kuazima sentensi kwa sababu inafanana na alichokiona. Kuazima kunamwondolea mwandishi uzito wa ushahidi, lakini hakumfanyi kuwa mwongo.

Jambo lenye thamani kuliko yote ni mahali ambapo mwanafunzi anamkana mwalimu wake. Procopius ndiye mfano safi. Mtindo wake ni wa Thucydides mtupu, na yeye mwenyewe anasema alikuwa Constantinople wakati ugonjwa ulipokuwa mjini. Sasa linganisha. Thucydides anasema watu waliacha kuogopa miungu na sheria. Procopius anasema kinyume: waliozoea maovu walishika dini ghafla kwa hofu, kisha ugonjwa ulipowaacha wakarudi walikotoka, tena wakiwa wabaya zaidi. Anasema pia kwamba wafuasi wa makundi hasimu ya mjini, waliokuwa wakiuana mitaani, waliweka uadui kando wakazikana. Hilo hakulitoa kwa mwalimu wake. Kiolezo kilimtaka aandike kwamba jamii ilisambaratika, yeye akaandika watu wakishikana. Mwandishi akikataa kitu alichotengenezewa tayari, mara nyingi ni kwa sababu macho yake yalimlazimisha.

Halafu kuna minara ya Sycae, kitongoji cha Constantinople ng'ambo ya maji. Makaburi yalipojaa, mapaa ya minara ya ngome yaling'olewa, maiti zikatupwa ndani ovyo ovyo, mapaa yakarudishwa. Upepo ukivuma kutoka upande ule, harufu iliingia mjini. Kwa Thucydides mnara haumo.

Neno moja kuhusu istilahi kabla hujaandika ukurasa wa kwanza. "Tauni" kwa Kiswahili ni ugonjwa mmoja mahususi, wenye mitoki, unaoletwa na bakteria. Ugonjwa wa Athens haujulikani hadi leo ulikuwa upi. Watafiti wametaja homa ya matumbo, ndui na mengine, hakuna lililothibitika. Kwa karne ya 6, kwa 1348 na kwa London ya 1665, vinasaba vya bakteria wa tauni vimepatikana ndani ya meno ya waliozikwa. Basi kwa Athens andika "maradhi" au "baa". Msomaji mkali atakukamata hapo mapema sana.

---

Kalamu ya Mwanzi

Nakubaliana na ndugu Jalada, ila naomba niiwekee tahadhari hiyo hoja ya "yaliyobaki wazi".

Boccaccio anasema matambara ya maskini aliyekufa yalitupwa njiani, nguruwe wawili wakaja wakayakoroga kwa pua, wakayatingisha kwa meno, na muda mfupi baadaye wakaanguka juu ya matambara yale yale wakafa. Anaapa kwamba aliyaona kwa macho yake. Kwa kanuni ya Jalada, hapa ndipo pa kuanzia: kitu kidogo, mahususi, hakijaazimwa.

Lakini nguruwe ni mnyama mwenye ustahimilivu mkubwa dhidi ya tauni. Kufa papo hapo kwa kugusa tambara ni jambo gumu kuliamini. Na wanahistoria hawajakubaliana kama Boccaccio alikuwamo Florence miezi ile. "Niliona kwa macho yangu" ilikuwa fomula ya ufasaha, kama vile msimulizi wa ngano anavyodai naye alikuwapo kwenye karamu.

Kwa hiyo jambo likiwa mahususi bado linahitaji swali la pili: linafanya kazi gani katika utunzi? Wale nguruwe wamekaa mahali ambapo mwandishi anataka kuonyesha kwamba ugonjwa unaambukiza hata kupitia nguo. Wanakuja kama mfano wa hoja. Minara ya Sycae haithibitishi hoja yoyote. Ni adha tu ya harufu. Jambo lisilomsaidia mwandishi chochote ndilo la kuaminiwa zaidi.

---

Hesabu Tupu

Nijibu la takwimu.

Hiyo 100,000 ya Boccaccio usiitumie kama hesabu. Makadirio mengi ya wakazi wote wa Florence kabla ya tauni yanazunguka kwenye hiyo hiyo laki moja, kwa hiyo angekuwa ameua mji mzima. Na mwenyewe anadokeza: anasema kabla ya msiba watu wasingedhani mji ulikuwa na wakazi wengi kiasi hicho. Isome kama kipimo cha mshtuko. Kifalsafa ni ushahidi mzuri, kitakwimu ni sifuri.

London ni kisa kingine, maana pale tunajua jinsi kila tarakimu ilivyozaliwa. Mtu akifa, kengele inapigwa au mchimba kaburi anapewa taarifa. Wanawake wakaguzi wa maiti, walioapishwa na parokia, wanaingia nyumbani, wanautazama mwili, wanaamua sababu. Wanampelekea karani wa parokia. Karani anapeleka orodha yake makao makuu Jumanne usiku, Jumatano inajumlishwa na kuchapwa, Alhamisi inasambazwa kwa walioilipia shilingi nne kwa mwaka. John Graunt aliueleza mfumo huo mwaka 1662, miaka mitatu tu kabla ya tauni kuu.

Ukishaijua njia ya tarakimu, unajua inavujia wapi. Wakaguzi wengi walikuwa vikongwe maskini wanaolipwa kwa kila maiti. Nyumba ikitajwa kuwa na tauni ilifungwa siku 40 pamoja na wazima waliomo, mlango ukapigwa msalaba mwekundu, mlinzi mmoja mchana na mwingine usiku. Fikiria familia yenye mgonjwa mmoja na watoto watano wazima: itatoa chochote ili karatasi iandikwe "homa ya madoa" au "msokoto wa tumbo". Tena orodha zilijengwa juu ya maziko ya parokia za Kanisa la Uingereza. Wakweka (Wakristo waliojitenga na Kanisa hilo) na Wayahudi waliozikana kwenye makaburi yao walipungua hesabuni. Samuel Pepys, ofisa wa serikali mjini London, aliandika kwenye shajara yake tarehe 31 Agosti 1665 kwamba wiki ile walikufa 7,496, kati yao 6,102 kwa tauni, lakini inahofiwa idadi ya kweli inakaribia 10,000.

Dawa ya uvujaji huo ni kuacha kuangalia safu ya "tauni" na kuangalia jumla. Mwaka 1664 maziko yote yalikuwa 18,297. Mwaka 1665 yakawa 97,306. Ziada ni 79,009. Waliotajwa rasmi kufa kwa tauni ni 68,596. Bado 10,413 waliokufa zaidi ya kawaida, kwa magonjwa ambayo eti yaliamua kuongezeka mwaka ule ule. Si wote ni tauni iliyofichwa, maana njaa na kuvurugika kwa huduma vinaua pia. Na kumbuka waliokimbia mji walikuwa maelfu mengi, kwa hiyo mwaka wa kawaida wa mji uliobaki nusu tupu ungekuwa na maziko machache kuliko 18,297. Ziada halisi ni kubwa kuliko kutoa huku kwa kawaida.

---

Msomaji wa Zamu

Nashukuru sana. Sasa Defoe nimweke wapi? Kitabu chake, A Journal of the Plague Year, kimejaa orodha hizo hizo, na msimulizi anaongea kama aliyekuwapo.

---

Hesabu Tupu

Defoe alizaliwa mwaka 1660 au karibu na hapo. Tauni ilimkuta mtoto wa miaka mitano hivi. Kitabu kilitoka mwaka 1722, baada ya tauni kuipiga Marseille mwaka 1720 na London ikawa na hofu upya. Msimulizi anayejitia sahihi H.F., mtengeneza matandiko ya farasi wa Aldgate, ni mhusika wa kubuni. Ni riwaya iliyoshonwa kwa karatasi za kweli: orodha za vifo na amri za meya zimo karibu neno kwa neno.

Ila usimdharau. Kuna namna ya kumpima, tena kwa kikokotoo. Chukua shimo kubwa la Aldgate. Anasema lilikuwa na urefu wa futi 40 hivi, upana futi 15 au 16, na kwamba kuanzia tarehe 6 hadi 20 Septemba zilitupwa humo maiti 1,114. Anaeleza pia kwa nini mashimo hayakuweza kuwa makubwa zaidi: maji yalitokea kwenye futi 17 au 18, na amri ilikataza maiti kulala juu ya futi sita kutoka usawa wa ardhi.

Toa sita kwenye 18, unabaki na futi 12 za kujaza. Kwa vipimo vya leo shimo ni mita 12.2 kwa 4.9 kwa 3.7, yaani mita za ujazo 220 kwa kukadiria. Gawanya kwa 1,114: kila maiti inapata kama mita za ujazo 0.2. Mwili wa mtu mzima una mita za ujazo 0.07 hivi. Ukiweka nafasi baina ya miili iliyotupwa bila mpangilio, na udongo wa kufunikia kila tabaka, inaingia. Tena watoto walikuwa wengi. Kwa hiyo idadi inawezekana kabisa. Angeandika 11,000 tungecheka.

Haithibitishi kwamba zilikuwa 1,114 kamili. Tarakimu isiyo duara ina mvuto wake, na Defoe aliujua. Lakini inaonyesha kwamba alikuwa na taarifa ya mtu aliyelijua shimo, au alikaa chini akapiga hesabu kama sisi.

Katika makala yako usiandike "Defoe alishuhudia". Andika "Defoe, miaka 57 baadaye, akitumia orodha na amri zilizochapwa mwaka 1665, anaeleza..." Sentensi ni ndefu ila haitakuvunjia heshima.

---

Bi. Mizani

Mmezungumza maiti na hesabu, lawama mmeiruka, na ndiyo aliyoiuliza mwenzetu mwanzoni.

Lawama ya sumu ina umri wa fasihi yenyewe. Thucydides anasema ugonjwa uliposhika kwanza Piraeus, bandari ya Athens, watu walidai adui ametia sumu kwenye visima vya maji ya mvua. Mwaka 1349 Strasbourg iliwachoma Wayahudi wake tarehe 14 Februari, kwa shutuma za visima vile vile, na wakati huo tauni haikuwa hata imefika mjini. Hapo ndipo pa kutulia: uvumi ulisafiri haraka kuliko ugonjwa. Papa Clement VI alikuwa ameshatoa barua mwaka 1348 akisema wazi kwamba Wayahudi nao wanakufa, na kwamba ugonjwa unaua hata mahali ambapo hawaishi. Hoja ilikuwa sahihi. Strasbourg haikumzuia mtu.

Ukitaka kuona lawama inavyofanya kazi hatua kwa hatua, nenda Milan, mwaka 1630. Tarehe 21 Juni, alfajiri, mvua inanyesha. Mwanamke aitwaye Caterina Rosa yuko dirishani. Anamwona mtu anatembea kando kabisa ya ukuta, mkononi ana karatasi, anaonekana kama anaandika, kisha anafuta vidole ukutani. Mtu huyo ni Guglielmo Piazza, ofisa wa afya ambaye kazi yake ni kuzungukia mtaa na kuandika wagonjwa. Kila kipande kina maelezo ya kawaida kabisa. Anabana ukuta kwa sababu ya mvua. Anaandika kwa sababu ndiyo kazi yake. Anafuta vidole kwa sababu vina wino.

Majirani wanazikagua kuta, wanaona madoa ya mafuta. Piazza anakamatwa, anateswa, anakana. Anaahidiwa kusamehewa akitaja wenzake. Anamtaja kinyozi Gian Giacomo Mora, aliyekuwa akitengeneza marhamu ya kujikinga na tauni. Nyumbani kwa Mora wanakuta chungu chenye maji ya majivu ya kufulia, yenye mashapo chini. Wanaitwa wafuaji kama wataalamu, nao wanasema maji hayo yana kitu kibaya. Piazza na Mora wanauawa kikatili mwanzoni mwa Agosti, nyumba ya Mora inabomolewa, na mahali pake panasimamishwa nguzo ya aibu. Nguzo ile ilisimama hadi mwaka 1778.

Manzoni, mtunzi wa riwaya wa Kiitaliano, aliiandika kesi hii kwa kutumia kumbukumbu za mahakama, akaitoa pamoja na toleo la mwisho la riwaya yake kuu kuanzia mwaka 1840. Kabla yake Pietro Verri alitumia kesi hiyo hiyo kupinga mateso: tatizo ni sheria mbovu. Manzoni alikataa. Alisema hata kwa sheria mbovu ya wakati ule mahakimu walikiuka masharti ya mateso yaliyokuwa yakijulikana, kwa hiyo wasisingizie zama. Mimi naona Manzoni ana haki, na tofauti hiyo ndiyo inayokosekana kwenye makala nyingi. Ukiandika "watu wa zamani hawakujua sayansi ndiyo maana wakawaua wasio na hatia", umewasamehe mahakimu kwa sentensi moja.

Angalizo: si kila mlipuko uliowahi kutokea ulizaa chuki. Kipindupindu cha 1831 na 1832 kilizaa ghasia Ulaya, St. Petersburg na Liverpool zikiwamo, na walioshambuliwa hapo walikuwa madaktari, kwa tuhuma ya kuua wagonjwa au kuiba maiti za kupasua. Homa ya mafua ya 1918 iliua kwa wingi zaidi na chuki ya namna hiyo haikuonekana sana. Kwa hiyo usiiandike kama kanuni. Tafuta kila mara: nani alikuwa hapendwi tayari, na nani aliingia nyumbani mwa watu kwa amri ya serikali?

---

Jalada

Bi. Mizani kamaliza. Naongeza athari moja isiyopendwa na watunzi kwa sababu haina machozi: mishahara.

Baada ya 1348 wafanyakazi walikuwa wachache na mashamba yale yale. Uingereza ilitoa amri mwaka 1349, kisha sheria mwaka 1351, kurudisha ujira ulivyokuwa kabla ya tauni. Ni sheria ya kina ajabu: fundi seremala mkuu peni 3 kwa siku, seremala wengine peni 2, mvunaji peni 2 wiki ya kwanza ya Agosti na peni 3 ya pili. Sheria haiorodheshi ujira wa kila fundi ila watu wakiwa wanalipwa zaidi ya hapo kila siku. Isome kwa kuigeuza.

Sasa fasihi inaingia. Langland, mshairi wa Kiingereza wa karne ya 14, katika shairi lake la mkulima Piers, analalamika kwamba vibarua wasio na ardhi ila mikono yao hawakubali tena kula mboga zilizolala wala pombe ya peni. Wanataka nyama au samaki, tena moto moto. Alikusudia kuwakemea. Bila kutaka ametuachia ushahidi kwamba kibarua wa wakati ule alikula vizuri kuliko babu yake, na kwamba wakubwa liliwauma. Malalamiko ya mwenye mali ni chanzo kizuri sana: ondoa hasira, chukua orodha ya vyakula.

Kizazi kimoja baadaye, mwaka 1381, kodi ya kichwa ya shilingi moja iliwasha maasi. Usiruke kutoka tauni hadi maasi kwa sentensi moja, ipo miaka 33 katikati, lakini kamba ipo.

---

Kalamu ya Mwanzi

Kwa maafa yasiyo ugonjwa, kipimo hubadilika kwa sababu muda hubadilika. Tauni ina kupanda, kilele na kushuka, miezi kadhaa. Mtunzi anapata wahusika, wanabadilika mbele yetu. Tetemeko ni dakika chache. Hadithi yote iko baada yake.

Lisbon, tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi: tetemeko, kisha bahari, kisha moto ulioanzia kwenye mishumaa ya makanisa na majiko, ukawaka siku kadhaa. Serikali ya Ureno chini ya waziri Pombal ilituma maswali kwa parokia: mtikisiko ulidumu muda gani, bahari ilipanda au ilishuka kwanza, nyumba ngapi zilianguka. Haikuuliza ni dhambi gani. Kwa historia ya fikra, hojaji ile ina uzito kuliko mashairi mengi.

Mwanafalsafa Voltaire aliandika shairi la huzuni, na mwaka 1759 riwaya ya Candide, ambamo wenye hekima wa nchi wanaamua kuzuia matetemeko kwa kuwachoma watu kwa sherehe. Mwanafalsafa mwenzake Rousseau alilijibu shairi lile kwa barua mwaka 1756: maumbile hayakujenga pale nyumba elfu ishirini za ghorofa sita na saba. Akauliza wangapi walikufa kwa kurudi ndani, huyu kuchukua nguo, huyu karatasi zake, huyu fedha. Bado ndiyo mahali pazuri pa kuanzia mtu anayetaka kusema kwamba tetemeko ni la ardhi na maafa ni ya watu.

Kuna pia maafa yasiyojua jina lake. Mlima Tambora, volkano ya Indonesia, ulilipuka Aprili 1815. Mwaka 1816 Ulaya ilikosa kiangazi, mavuno yakaharibika. Mshairi wa Kiingereza Byron aliandika shairi la giza la dunia nzima Julai 1816, na Mary Shelley akaanza, katika nyumba hizo hizo za kando ya ziwa Geneva, riwaya ya Frankenstein, iliyotoka mwaka 1818. Hakuna aliyejua kwamba mvua ile ilitoka kwenye volkano. Ukitafuta neno "Tambora" vitabuni mwao hutalipata. Athari ipo katika hali ya hewa ya maandishi.

Kwetu wasomaji wa Kiswahili, utenzi wa Al-Inkishafi unafanya kitu kinachofanana na hicho kwa Pate, mji wa kale wa pwani ya Kenya: popo wamening'inia, mende wanavuma vyumbani, majumba matupu. Mshairi hasemi mji uliangukaje, anatoka moja kwa moja kwenye magofu hadi kwenye mauti. Kwa hiyo usiitumie kutafuta sababu za kuanguka kwa Pate. Itumie kuona msomi wa wakati ule aliyapa magofu maana gani.

---

Msomaji wa Zamu

Nimepata zaidi ya nilivyotarajia. La mwisho: homa ya 1918 nimeitafuta kwenye riwaya za wakati wake, karibu hakuna kitu. Kwa nini?

---

Bi. Mizani

Makadirio yanayotajwa sana ni vifo milioni 50, na riwaya za kuzungumzia ni za kuhesabu kwa vidole. Sababu zinazonishawishi ni tatu, za uzito tofauti.

Nzito kuliko zote ni vita. Nchi zilizopigana zilibana magazeti, Hispania haikupigana ikaandika wazi, ndiyo maana ugonjwa ukabandikwa jina lake. Aliyekufa kwa risasi alipewa mnara na siku ya kumbukumbu. Aliyekufa kitandani wiki ile ile alipewa kaburi tu. Pili, ugonjwa wenyewe ulikuwa na jina la kawaida. Mafua. Mtunzi anaanzaje sentensi? Mtunzi wa Kiingereza Virginia Woolf aliuliza mwaka 1926 kwa nini ugonjwa haujachukua nafasi yake katika fasihi pamoja na mapenzi, vita na wivu. Tatu, kasi: wimbi la vuli la 1918 lilipita katika mji mmoja kwa wiki chache, likaua zaidi vijana wa miaka 20 hadi 40, ndio hao ambao wangekuja kuandika.

Anza na mtunzi wa Kimarekani Katherine Anne Porter, *Pale Horse, Pale Rider*. Aliugua mwenyewe Denver mwaka 1918, nusura afe, na kitabu kikatoka mwaka 1939. Hesabu hiyo miaka 21 kisha urudi kwa Defoe na 57 yake. Halafu usitafute neno "mafua" tu katika riwaya za miaka ya 1920. Tafuta mhusika aliyepona kitu kisichotajwa, anayechoka akipanda ngazi, moyo ukimwenda mbio. Bi. Dalloway wa Woolf, mwaka 1925, ametoka kitandani kwa ugonjwa ambao inadhaniwa mafua yale yaliugusa moyo wake. Limetajwa katika mabano, kwenye kurasa za mwanzo, na wasomaji wengi hulipita.